Mzee Horibe na Swali la Kaburi

Kyuji Horibe hakuwahi kumwamini mtu aliyebisha hodi huku akitabasamu. Ujana wake wote na utu uzima wake alikuwa fundi wa mashine za kufuma sufu hapa mjini Ichinomiya, na mashine, alipenda kusema, haijui kutabasamu. Ikiwa mbovu hupiga kelele, ikiwa nzima hunguruma zake. Binadamu ndiye mwenye kuficha.

Viwanda vilipofungwa naye akastaafu, shaka yake ilikosa kazi ikahamia nyumbani. Aliwashuku wauza madirisha na wasoma mita. Alishuku kila sauti ya simu iliyojidai kuwa ya mpwa wake aliyepata ajali na anahitaji kusaidiwa upesi. Kitu kimoja tu alikiamini bila kuuliza, nacho ni kura za maoni za gazetini. Kila asubuhi, mbele ya bakuli la wali na supu ya miso, alimsomea mkewe Sumie kwa sauti kama mtu asomaye barua iliyotoka kwa jamaa.

"Wazee wengi hupenda wali asubuhi. Umesikia? Wali, si mkate."

"Nimesikia, Baba."

"Na wengi huoga kabla ya chakula cha jioni. Kama mimi."

"Kama wewe, Baba."

Alijisikia vizuri kuwa miongoni mwa wengi. Kwake ilikuwa kama kusimama katika foleni iliyonyooka.

Asubuhi moja ya baridi kali alifika katika safu ileile ya gazeti, akafungua kinywa, akakifunga. Wanawake walioolewa walikuwa wameulizwa kama wangependa kuzikwa katika kaburi moja na waume zao. Waliosema hapana walikuwa wengi kuliko alivyoweza kumeza.

"Leo hawakuuliza watu kitu?" Sumie aliuliza, akimwongezea supu.

"Mambo ya kodi tu."

Huo ulikuwa uongo, na Kyuji alishangaa jinsi ulivyomtoka kwa wepesi. Akamtazama mkewe akikoroga natto, yale maharage yaliyochacha yenye utelezi. Alikuwa akikoroga polepole, uso wake mtulivu. Kama mimi naweza kudanganya hivi, akawaza, yeye je?

Wiki hiyohiyo kengele ya mlango ililia. Nje alisimama mwanamke wa makamo, koti la buluu, mkoba mzito begani, na lile tabasamu.

"Samahani kwa usumbufu. Naitwa Aramaki, natoka kampuni ya utafiti wa maoni. Barua tulishatuma."

"Hapa hatununui kitu."

"Siuzi kitu, mzee."

"Ndivyo wasemavyo wote wanaouza."

Bi Aramaki aliinamisha kichwa kwa adabu kama mtu aliyekwisha kuyasikia hayo katika milango mingi. Akaeleza kwamba angeomba kuzungumza na Bi Sumie Horibe.

"Kwa nini yeye? Mwenye nyumba ni mimi."

"Kura ndiyo iliyomwangukia, mzee."

"Kura haina macho?"

"Haina. Ndiyo maana watu wanaiamini."

Kyuji alichukua kitambulisho cha mgeni, akakigeuza mbele na nyuma, akakikwaruza kwa ukucha. Akaingia ndani kupiga simu kwenye kampuni. Hakutumia namba iliyoandikwa kwenye kitambulisho, maana tapeli hashindwi kuandika namba ya tapeli mwenzake. Aliitafuta mwenyewe. Sauti ya huko ikamthibitishia kuwa ni kweli, Bi Aramaki ni mtu wao. Hata hilo lilimtia shaka kidogo, kwa kuwa ilijibu upesi mno.

"Baba," Sumie alisema kutoka jikoni, "mgeni anaganda huko nje."

Mgeni aliingia, akapewa chai, akasema kwa upole kwamba ingefaa mama ajibu akiwa peke yake.

"Hata hivyo nina kazi bustanini," Kyuji akasema.

Hakwenda bustanini. Alizunguka kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akanyemelea hadi chumba cha pili, akapiga magoti nyuma ya mlango wa karatasi uliotenganisha vyumba. Magoti yalimuuma kwa baridi. Hakujali.

"Asubuhi, mama, ungependa kula nini zaidi?"

"Mkate," alijibu Sumie, bila hata kufikiri.

Kyuji alidhani amesikia vibaya.

"Tosti nene, siagi nyingi, na maharage matamu mekundu juu yake."

"Na natto?"

Sumie akacheka. "Hiyo naila nimeziba pumzi. Tangu niolewe."

"Bafuni nani hutangulia?"

"Baba. Daima Baba, kisha mimi katika maji yaleyale. Ningependa siku moja niingie mimi kwanza, maji hayajaguswa na mtu. Lakini sijawahi kusema."

"Kuna jambo lolote unalomficha mumeo?"

Kyuji alisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Lipo."

"Kubwa au dogo?"

"Inategemea nani anapima."

Bi Aramaki akageuza karatasi. "Swali linalofuata ni kuhusu kaburi. Je, baada ya kufa ungependa—" na hapohapo lori la mafuta ya taa likaingia mtaani, likipiga wimbo wake wa watoto kwa kipaza sauti, likienda mwendo wa konokono kama lilivyo kawaida yake. Kyuji alibana sikio kwenye karatasi hadi ikatoa mlio. Hakuambulia kitu. Lori lilipopinda kona, alichosikia ni sauti ya Bi Aramaki tu.

"Usione haya, mama. Wengi wanajibu hivyohivyo."

Tangu siku ile hakumaliza bakuli lake la wali. Alimwangalia mkewe akila natto, akaona kwamba kweli hapumui. Ilikuwaje hakuwahi kuona? Na kama hilo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote, kuna nini kingine? Akakumbuka kwamba kila Alhamisi asubuhi Sumie huenda kwenye bwawa la manispaa kufanya mazoezi ya kutembea majini, dawa ya viuno. Alhamisi hiyo aliporudi, Kyuji aliusubiri mkoba wake uachwe bila mtu, akaingiza mkono. Taulo ilikuwa kavu, na imekunjwa vizuri kama ilivyotoka kabatini.

Akampigia binti yao, Chinami, aliyekuwa akiishi Nagoya.

"Mama yako ana rafiki yeyote?"

"Marafiki tele. Asiye na rafiki ni wewe, Baba. Kuna nini?"

"Hakuna. Ni utafiti."

"Wa nani?"

"Wangu."

Alhamisi iliyofuata alivaa kofia, akajifunika mdomo na pua kwa kinyago, akatoa baiskeli. Sumie alitangulia na yake, koti lake la zambarau likionekana kutoka mbali. Alilifikia bwawa, akalipita bila hata kulitazama. Akapinda nyuma ya kituo cha treni, akaegesha mbele ya mgahawa wa kahawa wenye pazia la kahawia, akaingia kama mtu aingiaye kwake.

Kyuji alisimama kando ya dirisha, nyuma ya chungu cha maua. Mji huu mtu akiagiza kahawa asubuhi huletewa na mkate na yai, na nusu ya mtaa ilikuwa mle ndani. Kwenye meza ya pembeni alikuwepo mwanamume mwenye kofia ya sufu, mtu wa miaka hamsini hivi, uso msafi. Sumie akaketi mbele yake. Ikaletwa tosti nene yenye maharage mekundu. Sumie akaiuma, akasema jambo, akacheka hadi meno yote yakaonekana. Kyuji hakukumbuka mara ya mwisho kuyaona meno yale. Yule mwanamume akatoa picha, akazipanga mezani, nao wakaziinamia vichwa vikikaribiana.

Macho hayana pazia, na moyo wake haukuwa na breki. Alisukuma mlango.

"We! Huyu nani?"

Sumie aligeuka, akamtambua mumewe kwa viatu.

"Baba, vua hicho kinyago. Unatisha watu."

"Nimeuliza, huyu nani?"

Mwanamume akasimama, akavua kofia na kuinama chini sana. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kama bakuli.

"Naitwa Udagawa. Ni kasisi wa hekalu la kule ng'ambo ya mto. Samahani kwa kuchelewa kujitambulisha kwako, mzee."

Mtu wa meza ya jirani alikohoa kuficha kicheko. Kyuji akatazama zile picha. Zilikuwa za miti: mti wenye majani mekundu, mcheri, mti mmoja mdogo wenye maua meupe. Chini ya kila mti palikuwa na vibao vidogo vya mawe vyenye majina.

"Makaburi," akasema.

"Makaburi," Sumie akakubali. "Kaa, Baba."

Alikaa. "Kumbe ni kweli. Hutaki kuzikwa nami."

"Nani kakwambia?"

"Nilisikia. Yaani, sikusikia. Lori lilipita."

"Ulikuwa unasikiliza!"

"Ulisema unanificha jambo!"

"Na wewe ulisema uko bustanini!"

Kasisi Udagawa aliitazama kahawa yake kwa makini sana. Sumie alishusha pumzi, akasukuma sahani kando.

"Sikiliza basi, maana hapa hakuna mlango wa karatasi. Kaburi la ukoo wenu kule Gujo, nani yumo ndani?"

"Baba yangu. Babu. Mama."

"Mama," Sumie alirudia. "Mama yako alionja supu yangu kila asubuhi, miaka yote aliyoishi nasi, na mara ngapi aliimwaga kwenye sinki? Akisema imezidi chumvi, mimi napika upya. Wewe ulikuwa umekaa palepale na gazeti."

Kyuji alivua kinyago, akakikunja juu ya goti.

"Alipokuwa anakufa hospitalini, nilimshika mkono. Unajua aliniambia nini? Alisema, 'Usihofu, Sumie. Kule tuendako nitakufundisha kupika vizuri.'"

"Alikuwa anatania."

"Mama yako alitania lini, Baba?"

Kyuji alitafuta. Aliirudisha nyuma miaka, mwaka mmoja mmoja, akitafuta siku moja ambayo mama yake alisema mzaha. Hakuipata.

"Sijakukataa wewe," Sumie alisema, sauti yake ikashuka. "Nimemkataa mama yako. Nilimwambia hivyo yule dada wa maswali, nikaona haya. Nilikuwa nimeshaanza kuja hapa kuuliza kama mtu anaweza kulala peke yake mahali pengine. Sikujua namna ya kukwambia. Wewe unasoma wengi wanasema nini. Hujawahi kuuliza mimi nasema nini."

Kyuji akamgeukia kasisi, maana kumshuku mgeni ni rahisi kuliko kujishuku mwenyewe.

"Mizizi je? Haifukui mifupa?"

"Mwili ukishachomwa, mifupa hutiwa katika mfuko wa kitambaa, mzee. Taratibu inakuwa udongo."

"Na hekalu lako likifungwa? Siku hizi yanafungwa."

"Kasisi wa hekalu jirani ameahidi kuyapokea makaburi."

"Ameahidi kwa mdomo?"

"Baba," Sumie alisema, "utampigia mpelelezi simu?"

Akaagiza tosti nyingine, akaiweka mbele ya mumewe. Kyuji alidai hataki, kisha akaila hadi makombo, akalalamika kwamba ni tamu mno. Siku hiyo hakukubali chochote. Mtoto wa kwanza wa kiume, alisema, haliachi kaburi la wazee. Akarudi kwa baiskeli, mkewe akifuata kwa ya kwake.

Lakini jioni ile maji ya bafu yalipokuwa tayari, alikaa kwenye meza fupi yenye hita, miguu chini ya blanketi, akajifanya amesinzia. "Tangulia," akasema bila kufumbua macho. Sumie alisimama mlangoni kwa muda, akimtilia shaka, kisha akaenda. Alikaa majini muda mrefu mpaka Kyuji akaanza kuwaza kama amezimia. Kuhusu gazeti, aliendelea kulisoma, ila sasa kila aonapo wake wamejibu swali fulani huuliza kwa sauti, "Na waume zao walikuwa wapi wakati wanajibu?"

Wakati wa sikukuu ya masika ya kuzuru makaburi, walipanda basi kwenda Gujo. Theluji ilikuwa bado imebaki kwenye vivuli vya mierezi. Kyuji alipangusa jiwe la kaburi, akang'oa magugu, akawasha ubani. Sumie alikwenda bombani kujaza ndoo maji ya kuliosha jiwe. Alipokuwa anarudi alimkuta mumewe amesimama wima mbele ya jiwe, kofia mkononi, akizungumza kama anavyozungumza na fundi mwenzake kazini.

"Mama, nimekuja kukwambia jambo. Sumie hatakuja huku."

Upepo uliuzungusha moshi wa ubani, ukamwingia machoni. Akayafuta.

"Ile supu," akasema, "haikuzidi chumvi. Nilijua tangu mwanzo, sikusema." Akaigeuza kofia mkononi. "Na mimi nadhani sitakuja. Nitakuwa nakutembelea. Lakini kulala, nitalala na yeye."

Kisha akageuka, akamwona Sumie na ndoo yake, na uso wake ukawa mwekundu kama wa mtoto aliyekamatwa.

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Hakuna lori," Sumie akasema.

Akasogea, akachota maji kwa kata ya mti, akaanza kulimwagia jiwe la mama mkwe polepole, upande huu na upande ule, hata kwenye kona ambazo hakuna anayezitazama. Kyuji alishika ndoo.