Msirudishe Kompyuta Zenu, Nitazinunua Mimi

Siku kompyuta yangu iliponikana mchana kweupe, nilikuwa nimebakiza sura moja tu.

Sitanii. Niliiwasha, ikawaka vizuri, ikanisalimia na kamuziki kake. Nikafungua mahali ninapoweka kazi.

Hakuna kitu.

Si kwamba mafaili yamefutika. Diski nzima haipo! Ni kama urudi nyumbani ukute chumba kimoja kimeondoka na mlango wake, ukuta umebaki laini.

Nieleze kazi yangu kwanza, maana wengi wakiisikia hucheka. Mimi nasoma vitabu kwa sauti. Kuna shule ya watoto wasioona, na vitabu vyao vya nukta nundu, vile vya kusomwa kwa vidole, havitoshi. Basi mimi nasoma biolojia, nasoma historia, najirekodi, wao wanasikiliza. Kitabu kikikamilika ndipo nakipeleka shuleni.

Mitihani ilikuwa inabisha hodi. Na biolojia yote ilikuwa kwenye ile diski.

Studio yangu ni chumba cha kulala. Godoro la wageni nimelisimamisha mlangoni, blanketi dirishani, mimi katikati natokwa na jasho. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, kazi hiyo haijawahi kumwingia akilini.

Nikamwita aje ashuhudie msiba.

Akachungulia kioo. "Imechoka kukusikiliza," akasema, akaenda zake.

Nikazima, nikawasha tena. Diski ikarudi! Nikakimbilia kunakili kazi kwenye fleshi, ikatoweka katikati. Kesho yake ikarudi, ikatoweka. Kama mume mlevi: akitoka haagi, akirudi haelezi.

Mwishowe ikaondoka moja kwa moja.

Nikaibeba kompyuta mpaka dukani nilikoinunua. Mwenye duka tulimwita Bwana Dhamana, kwa sababu siku ya kukuuzia hakosi kusema, "Usiwe na wasiwasi, ina dhamana." Siku ya kuirudisha ndiyo unakutana na mtu mwingine.

"Dada, unaizima vibaya," akasema kabla sijaiweka chini.

"Naizima kama ulivyonielekeza."

"Basi ni vumbi."

"Vumbi limetoka wapi? Naifunika kitambaa kila siku."

"Kumbe unaifunika! Umeinyima hewa."

Jamani! Ukiiacha wazi, vumbi. Ukiifunika, umeinyonga.

"Una watoto?" akauliza.

"Sina."

"Basi ni mume. Wanaume wanapenda kuchokonoa."

"Mume wangu anafanya kazi mbali. Anarudi mwisho wa mwezi."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Sasa si ndiyo hiyo? Akirudi."

Nikarudi nyumbani na mzigo wangu. Nikampigia mwalimu mkuu wa ile shule, nikamwambia kitabu kitachelewa. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Watoto wanakiulizia kila siku," akakata simu.

Haikupita muda, kampuni iliyotengeneza kompyuta zile ikatoa tamko.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye madabodi! Ule ubao mkubwa wa ndani ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Kachipu kamoja kanakosimamia matundu ya kuchomekea diski kalikuwa kanachoka kabla ya wakati. Kakichoka, kompyuta haioni diski tena.

Lakini unadhani walisema hivyo? Walisema, "baadhi ya wateja wanaweza kuona upungufu wa utendaji kadiri muda unavyokwenda."

Upungufu wa utendaji! Hawa nyumba yako ikiungua watakwambia pameonekana ongezeko la joto.

Mwisho wa tamko wakasema turudishe mashine tulikonunua. Madabodi mapya yakifika madukani tutabadilishiwa bure.

Nikampigia Bwana Dhamana.

"Ah, dada! Hilo tulilijua tangu mwanzo," akasema. "Tulikuwa tunasubiri tamko."

"Na vumbi je?"

Simu ikakatika. Mtandao, nadhani.

Hapo ndipo nilipoingizwa kwenye grupu. Lilikuwa linaitwa Waathirika wa Madabodi. Wengi tulikuwa wa mji mmoja, wateja wa duka lilelile, maana ndilo lililokuwa na mzigo wa zile kompyuta.

Ukitaka kuwajua binadamu, wauzie kitu kibovu halafu uwaweke kwenye grupu moja.

Kulikuwa na mmoja, mhasibu, ambaye yake ilikuwa bado nzima. Huyo alitutazama kama wagonjwa wa upele. "Yangu haina tatizo. Labda nyinyi mna mikosi."

Mwingine akaandika, "Tuipongeze kampuni kwa ujasiri wa kukiri. Ni wangapi wanakiri?"

Nikamjibu, "Mwizi wa kuku akikamatwa na manyoya mdomoni, tumpe nishani kwa kufungua mdomo?"

Akabadilisha picha yake akaweka nembo ya kampuni. Haki ya nani tena!

Kulikuwa na bibi mmoja msusi, aliyekuwa ameweka mitindo yake yote ya nywele kwenye mashine iliyobandikwa picha ya kitana. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mpole, ambaye kila asubuhi aliuliza swali lilelile: "Picha zitapona?"

Na juu yetu sote kulikuwa na Mwenyekiti.

Picha yake simba. Jina lake hakuna aliyelijua, na namba yake ilikuwa ngeni kwetu. Tulimwita Mwenyekiti kwa sababu alijiita hivyo, na sisi hatukuwa na nguvu ya kubishana na mtu anayeandika kwa herufi kubwa.

Alikuwa na uchungu yule mtu! Alituzidi sote. "YULE MUUZAJI NI KUPE," aliandika. "ANA TUMBO KAMA GUNIA NA ROHO KAMA TUNDU LA SINDANO."

Nilicheka mpaka mama mkwe akaja kuangalia kama nimepatwa na kitu.

Kisha Mwenyekiti akaanza kutupa ushauri. "MSIRUDISHE KOMPYUTA ZENU. Mtapewa madabodi yaleyale yamepakwa rangi. Na siri zenu zote watazisoma."

Watu wakaogopa. Akaja na dawa. "Mimi nawahurumia. Nitazinunua kama chuma chakavu. Bei ndogo, lakini bora nusu shari."

Bei yenyewe ilikuwa ya kutupa. Watu wakauza! Msusi akauza. Mwalimu mstaafu akauza. Anatumwa mtu wa pikipiki, anabeba, anaacha vijisenti, kwaheri. Na kila anayeuza anashukuru, "Mungu akubariki, Mwenyekiti."

Akanifuata na mimi pembeni. "Dada msomaji, wewe vipi?"

Nikamuuliza, "Naweza kutoa diski kwanza?"

"Hapana, naichukua nzima. Diski nayo imekufa, ya nini?"

Nilifikiria sana. Mitihani inakaribia. Angalau ningeongezea kidogo, nikapata mashine nyingine iliyotumika, nikaanza kusoma upya. Nikamwambia sawa.

Mtu wa pikipiki akafika. Nikatoka na boksi, nikamkuta mama mkwe sebuleni.

"Inakwenda wapi?"

"Kuna mtu anainunua, mama."

"Si ulisema imekufa?"

"Imekufa."

"Ng'ombe aliyekufa anafuatwa na nani mpaka zizini?" akauliza. "Fisi. Basi."

Akaninyang'anya boksi, akaliweka sakafuni, akalikalia. Akamwita mtu wa pikipiki pale mlangoni, akamwambia, "Mwambie aliyekutuma kwamba mzigo una mwenyewe, na mwenyewe amekaa."

Yule kijana aliondoka bila kuuliza mara mbili. Mimi nilinuna siku nzima. Nilimwona bibi kizee ananiharibia mipango.

Wiki zikapita. Duka likabandika tangazo: madabodi mapya yamefika. Nikabeba kompyuta, mama mkwe akabeba mkoba wake na kunifuata. "Nataka kumwona huyo wa vumbi," akasema.

Foleni ilikuwa imetoka mpaka barabarani. Ndani, nyuma ya kaunta, kulikuwa na pazia lililoachwa wazi nusu. Nikachungulia. Kompyuta zimepangwa hadi dari, zote za aina yetu.

Moja ilikuwa na picha ya kitana.

Nikafikiri, kumbe Mwenyekiti ametugeuka, amekuja kuzibadilisha yeye! Hasira zikanipanda. Nikatoa simu nikamwandikia, "Mwenyekiti, uko wapi? Naona mashine zetu hapa dukani."

Simu juu ya kaunta ikalia.

Bwana Dhamana akaitupia jicho, akaigeuza kifudifudi.

Nikatuma tena. Nukta moja tu.

Ikalia.

Nikatuma tena. Ikalia. Foleni ikaanza kusogea karibu, mtu mmoja baada ya mwingine.

"Jibu simu, baba," mama mkwe akasema. "Unatafutwa."

Jasho likamtoka yule bwana kama yeye ndiye aliyefunikwa kitambaa. Nikanyoosha mkono, nikaigeuza ile simu. Kioo chote simba yuleyule wa Mwenyekiti, na ujumbe wangu juu yake.

Weee! Pale dukani palichafuka.

Msusi alikuwa kwenye foleni mikono mitupu, amekuja kujaribu bahati yake. Alipoelewa, aliruka kaunta na gauni lake refu, akaenda kukumbatia mashine yake yenye kitana. Watu wakapiga kelele. Mmoja akafunga mlango wa mbele ili muungwana asipate dharura ya ghafla.

"Hebu nieleze taratibu," mama mkwe akamwambia. "Kwa hiyo aliyekuwa anakutukana usiku na mchana ni wewe mwenyewe?"

Bwana Dhamana akautazama mlango uliofungwa.

"Lile tumbo la gunia umejisemea wewe?"

Akavuta shati kulifunika.

Akamkagua kutoka juu hadi chini. "Angalau hapo hukusema uongo."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Anatutisha, ananunua mashine zetu kwa bei ya chakavu, anazibadilisha bure kwa mgongo wa kampuni, anaziuza tena kama mpya. Na dhamana juu!

Siku ile alibadilisha madabodi moja baada ya jingine, fundi wake anafungua, sisi tumemsimamia kama wazazi wa bwana harusi asiyeaminika. Waliouza walirudishiwa mashine zao. Ilipofika zamu yangu, fundi akachomeka diski yangu ileile kwenye madabodi jipya.

Ikasoma. Ilikuwa nzima siku zote. Kilichokufa kilikuwa tundu.

Nikabofya faili. Sauti yangu ikajaza duka: "Sura ya nne. Utumbo mwembamba." Nikakaa kwenye kigoda, nikasikiliza habari za utumbo mwembamba huku machozi yananitoka.

Mama mkwe alinitazama, akafungua mkoba, akanipa leso. Hakusema kitu. Siku hiyo tu.

Lakini si wote walitoka wanacheka. Diski ya mwalimu mstaafu ilikuwa imeshafutwa na kuuzwa. Mle ndani kulikuwa na picha za marehemu mkewe. Alipewa kompyuta inayong'aa, akaibeba kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake, akaondoka bila kugombana na yeyote.

Biolojia ilifika shuleni kabla ya mitihani. Bwana Dhamana alifunga duka kwa muda, kisha akafungua tena. Kibao kipya, jina jipya, tumbo lilelile. Toleo jipya la kompyuta lilipotoka, nilipita pale nikakuta foleni. Wa kwanza kabisa? Yule wa kuipongeza kampuni. Nyuma yake, mhasibu wa mikosi.

Sikuwapungia mkono.

Nimejifunza hivi. Kampuni ilikosea, ikatuzungusha kwa maneno matamu, lakini dawa iliileta. Aliyetumaliza ni aliyelia kwa niaba yetu. Ukiona mtu msibani analia kuliko wafiwa, mpe pole, halafu hesabu vijiko vya nyumba.

Juzi kwenye grupu ameingia mgeni, picha yake ua jekundu. Akaandika, "Poleni sana ndugu zangu, hata mimi ni mwathirika."

Nikamkaribisha vizuri. Kisha nikamuuliza, "Na chakavu, unanunua?"

Akatoka.