Kuonyeshwa Mawe Ukara

Mdogo wangu wa kiume aliniandikia kwamba kisiwa alichopangiwa kazi kina mandhari. Mimi shule niliiacha darasa la tano, mwaka tuliowazika wazazi wetu, na maneno ya namna hiyo hayakuwahi kunifikia. Nilimuuliza mteja mmoja pale Msamala, mtaa wa Songea nilipokuwa nauza mitumba, akanieleza kuwa mandhari ni sura ya nchi. Nikasema sawa, basi nitakwenda nikaione hiyo sura, maana nilikuwa na jambo la kumwambia mdogo wangu na kwa barua halikuwa linajibiwa. Mara mbili nilimwandikia kuhusu mtoto, mara mbili akanijibu kuhusu ziwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa kitinda mimba wetu, msichana. Alimaliza darasa la saba hapa Songea, matokeo yakatoka, jina lake halikuwemo. Mdogo wangu alikuwa anafundisha darasa la sita na la saba huko Ukara, kisiwa kilichoko mbele ya Ukerewe. Nilitaka amchukue, akae kwake, aingie darasani kama mwanafunzi mgeni, afanye mtihani upya. Hapa kwetu isingewezekana, kila mwalimu alikuwa anamjua. Wenye ndugu walimu walikuwa wanafanya hivyo kila mwaka na hakuna aliyeshangaa. Huyo mwalimu wangu nilimlea mimi, nikamsomesha mimi mpaka chuo cha ualimu. Sikuona kama naomba kitu kikubwa.

Nilisafiri kwa basi mpaka Dodoma, kwa treni mpaka Mwanza, kwa meli mpaka Ukerewe, halafu kwa mtumbwi wa mashine. Nilipofika nikaona mawe. Majabali makubwa kuliko nyumba, yamepandana, mengine yameingia ziwani na mawimbi yanayapiga mchana kutwa bila faida. Ungedhani mtu alikuwa anajenga mlima, akaitwa kula, hakurudi.

Nilipewa samaki na ugali wa muhogo, nikala, nikanawa, nikaanza: kuhusu mdogo wetu. Akasema kwanza nipumzike, kisha akasema kwanza nikaone upande wa magharibi. Tukaenda. Tulisimama juu ya genge, maji yakiruka chini kwa kelele, naye akanyoosha mkono kama mtu anayekuonyesha ng'ombe wake. Alikuwa ameazima kamera. Aliniambia nisogee ukingoni, nitabasamu. Nilisogea. Kutabasamu hakukuwa kwenye safari yangu.

Sisi tuna milima yetu, Matogoro, yanasimama juu ya mji wetu tangu tuzaliwe, na sijawahi kusikia mtu amemchukua mgeni akamsimamisha ayatazame. Tunayatazama kujua kama mvua inakuja.

Siku ya pili alinipeleka mbali zaidi, kwenye jabali lililokaa juu ya jingine kama linataka kuanguka. Alisema limekaa hivyo tangu dunia iumbwe. Nikamwambia mdogo wetu naye amekaa hivyo hivyo tangu matokeo yatoke. Akacheka, akaanza kunieleza habari za ndege weusi waliokuwa wanakausha mabawa kule juu. Nilimsikiliza mpaka ndege wakaisha. Nilipofungua mdomo tena, kulikuwa na pango.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya tatu niliomba jembe. Hakuwa nalo. Mtoto aliyekulia Songea, amepewa shamba na kijiji, hana jembe. Nilikwenda kwa jirani yake, mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Alinipa majembe mawili.

"Mwalimu wetu analima kwa chaki," akasema.

Shamba lilikuwa kipande cha mchanga kati ya mawe, majani yamefunika mihogo. Nilianza kulima. Mdogo wangu angependa kukaa pembeni, lakini watu walikuwa wanapita njiani na kumwona dada yake mgeni ameinama, kwa hiyo naye akainama. Jirani alikuwa mpakani anakata majani ya ng'ombe wake. Kwao ng'ombe haendi malishoni, anakaa ndani ya shimo nyumbani na kuletewa chakula kama mfungwa. Mbolea yake ndiyo inayoulisha ule mchanga.

Nikasema bila kuinua kichwa kwamba Januari namleta mtoto.

Mdogo wangu alilima kidogo. Kisha akasema, "Dada, huku si mahali pa kumlea msichana."

"Kwa nini?"

"Utamleta aone nini? Ni mawe matupu."

Nilisimama nikamtazama. Siku mbili nzima yalikuwa mandhari. Yalikuwa na magharibi na mashariki, na ndege wake, na kila moja lilikuwa na habari yake. Ilipofika zamu ya kumlisha mtoto mmoja yakageuka mawe, tena matupu. Aliendelea kusema kwamba nyumba ina vyumba viwili tu, kwamba anatarajia kuoa, na huyo mchumba amekulia mjini, hatazoea mtu wa tatu. Wakati mama anakufa tulikuwa na chumba kimoja, na hakuna aliyeuliza nani wa tatu na nani wa nne.

Jirani akanyoosha mgongo. "Mwalimu, sisi tuliozaliwa kwenye mawe matupu tunakusikia."

Alisema hakuwa na maana hiyo.

"Ulikuwa nayo. Lima." Halafu akanigeukia mimi, akataka kujua ni mtoto gani. Nilimweleza yote, na mdogo wangu alikuwa anasikia. Yule mama akasema ana wajukuu wawili wa kike, wanalala chumba chao, na mkeka una nafasi.

Mdogo wangu akasema ngoja kwanza tulifikirie. Nikamwambia yeye asifikiri kitu. Chakula simwombi, chumba simwombi. Afungue darasa tu, amfundishe kama anavyofundisha watoto wa wenzake.

"Majani ya ng'ombe anajua kukata?" jirani akaniuliza.

"Kwetu ng'ombe anajitafutia."

"Huku hajitafutii."

"Atajua," nikasema.

Mdogo wangu akauliza kama Januari si mapema mno. Mimi na jirani tulikuwa tumeshaanza kuulizana meli inaondoka Mwanza siku gani.