Lori Lililolia Mlangoni kwa Mama Kulwa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi upande wa Ushirombo. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulikuwa umetanda hadi jua likawa jekundu, nami nimelala chali chini ya lori, watu wa kijiji wamesimama kulizunguka. Nilikuwa naona miguu yao tu. Nyinyi siku hizi mnatazama filamu za mizimu mkacheka. Miguu ile isingekuchekesha.

Lori lilikuwa la kubebea pamba. Dereva wake wa zamani, Baba Kulwa, aliugua ghafla akafa, wakamzika nyumbani kwake, pale barabara inapokata kona kali kuelekea ghala. Tangu lilipokabidhiwa dereva mpya, Masanja, lori likaanza kulia. Halikulia kwenye njia iliyonyooka wala kwenye tope. Lililia kwenye kona ile, karibu na kaburi: sauti nzito ya kuvuta, kama mtu mzima anayegugumia kwa maumivu, kisha mtikisiko, kisha kimya. Nilipanda nikaisikia mwenyewe. Nywele zilinisimama, sikufichi.

Watu walikwisha kupata jibu lao. Walisema Mama Kulwa, mjane wake, amekataa kumwachia mumewe aende, amemfungia ndani ya lori. Macho ya mama yule yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na kwetu wakati ule macho mekundu ya bibi kizee yalitosha aitwe mchawi na kuuawa. Ndiyo, kuuawa. Jana yake wanaume walikuwa wamepekua nyumba, wakakuta chini ya kitanda debe la mafuta meusi yenye harufu mbaya. Wakalitoa uani, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuligusa tena. Balozi wa nyumba kumi aliwasihi wangoje kwanza fundi kutoka Kahama alitazame gari. Fundi mwenyewe ndiye mimi, kijana wa gereji ya Nyasubi, pale pale Kahama.

Nilizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, gia nikaweka frii, nikainua upande mmoja wa nyuma kwa jeki, nikalizungusha tairi kwa mikono. Linakaza, linaachia kwa kishindo, linakaza tena. Ngoja nikueleze, maana najua hujawahi kuchafua mikono. Difu ni lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu kwa matairi. Ikiwa ya kawaida, tairi moja likiteleza kwenye tope, nguvu yote hukimbilia hilo hilo linalozunguka bure. Difu ya lori lile ilikuwa na pleti ndani, visahani vya chuma vinavyobana, ili matairi ya pande zote mbili yasukume. Lakini kwenye kona tairi la nje hukimbia kuliko la ndani, kwa hiyo pleti lazima ziteleze taratibu. Zikikwama, zinanguruma.

Nikafungua nati ya chini ya difu. Oili ikatoka safi, haina vumbi la chuma, maana yake pleti zilikuwa bado nzima.

"Uliweka oili gani?" nikamuuliza Masanja.

"Ya gia, ndugu yangu. Hiyo hiyo ya magari yote. Niliimwaga ya zamani nilipopewa gari."

Difu ya aina ile ina oili yake, yenye dawa ya kutelezesha pleti; hii ya kawaida huzikwamisha. Na sikujua pa kuipata karibu kuliko Mwanza. Watu wale wasingengoja Mwanza. Ndipo Mama Kulwa, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake, akafungua kinywa.

"Wewe kijana, umeniamkia vizuri, nikakuitikia. Mbona hukuniuliza kitu? Unauliza wanaume tu. Nenda kanuse debe lile."

Sikutaka, mwanangu. Nilikwenda kwa aibu tu. Nilipoinua mfuniko harufu ikanipiga puani, nikaitambua. Ilikuwa oili ya difu ya pleti.

"Ni ya gari la marehemu," akasema. "Aliniambia gari hili linachagua chakula, nimtunzie. Nimewaambia tangu jana. Nani anamsikia mayu, mama mzee kama mimi?"

Nikaijaza. Nikamwambia Masanja aendeshe polepole pale uwanjani, mbele ya nyumba ya mama, akunje kulia, akunje kushoto, ili oili ipenye. Lori likazunguka ndani ya moshi ule mwekundu, linalia. Watu wakarudi nyuma. Mmoja alikuwa na panga. Mama Kulwa hakusogea. Lori likapita mbele yake, likalizunguka kaburi la mumewe. Likalia tena, kidogo. Kilio kikawa mguno, mguno ukawa kama pumzi, halafu tukasikia matairi tu yakisaga changarawe.

Mwenye panga alilibana kwapani akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata.

Nilidhani mama atashukuru. Alijifunika uso kwa khanga, akaangua kilio.

"Nilikuwa namsikia akipita," akasema. "Kila safari nasema, huyo amerudi. Sasa umemnyamazisha."

Nilimrudishia debe lake mlangoni, nikakusanya spana zangu.

Basi, mwanangu, ukisikia sauti usiyoijua, usianze kutafuta wa kumtwisha. Ingia chini, shika kwa mkono, nusa. Na yule anayenyooshewa kidole na wote, muulize yeye mapema, kwa heshima, maana huenda ndiye aliyeitunza dawa mnayoitafuta. Mungu akupe miaka mingi, akulinde barabarani. Na siku ukizeeka, macho yako nayo yakiwa mekundu, akujalie majirani watakaokuuliza kwanza.