Muhuri Ambao Sikuugonga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba moja ya mjini Kigoma, sikushika kitabu. Nilikoroga uji. Mkutubi Mkuu, mama mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipa sufuria, unga wa muhogo na chembe za mrututu, akanifundisha gundi ya kujalidia vitabu. Muhogo hushika, mrututu huwafukuza mende. Kisha akanionyesha muhuri wa mpira wenye maneno KURASA ZIMEPUNGUA.

"Kitabu pungufu ukigonge huu ndani ya jalada," alisema. "Usipougonga umemdanganya msomaji, na hutakuwepo kumwomba radhi."

Nilikuwa kijana, nikaona mama huyu anakuza mambo.

Miaka ya wakimbizi nikahamishiwa kambini, mbali kupita Mwandiga, kutunza chumba cha vitabu cha mabati. Mke wangu alibaki Ujiji. Mimi niliyezoea kelele za wauza dagaa nikakosa hata mtu wa kumwambia kwamba mvua imenyesha. Upweke ule uliniuma, wala sioni haya kuusema.

Aliyeniokoa ni Zabroni, mwalimu wa hesabu aliyekimbia kutoka ng'ambo ya mpaka na mkewe Konsolata. Kila asubuhi alikuja: "Amahoro, Bwana Maktaba!" Akinikuta nakoroga gundi hucheka kwamba sisi Waha ugali wa muhogo tunavilisha hadi vitabu. Siku asiyokuja sikufungua mdomo.

Katika sanduku moja la msaada nilikuta riwaya ya Kifaransa, lugha niliyojifunza kwa mapadri, ya mambo ya sayansi ya kubuni. Dunia imeoza, watu wachache wanaojiita Wasafi wanaunda chombo cha chuma waruke kwenda nchi mpya angani, na kabla ya kuruka wanachoma walikotoka. Wanaokataa kupanda wanaitwa masalia. Kurasa kama thelathini za mwisho zilikuwa zimenyofoka. Niliushona upya uti wa kitabu, nikakivika kitambaa chekundu, nikabandika karatasi nyeupe mwishoni. Nilipouchukua muhuri, Mratibu wa Elimu, bosi wangu pale kambini, akanizuia.

"Wageni wanakuja kuona maktaba, si wodi ya vitabu wagonjwa. Weka hicho kidude."

Nikakiweka. Na kwa kweli jalada lilikuwa zuri, hata mimi sikutaka kulichafua.

Zabroni alikiazima, akawa anakisimulia kwa Kirundi kwenye foleni ya mgao. Wanaume walikipenda mno. Baada ya muda nikasikia wale waliotaka kulima bustani zao na kungoja amani wakiitwa masalia. Kulikuwa na watu waliopita kambini kwa siri wakiandikisha wapiganaji wa kwenda msituni, nao wakalidaka neno hilo. Sisemi kitabu ndicho kilichowatuma. Hasira walikuja nayo, na walikuwa na sababu. Lakini kumchoma jirani ni kazi ngumu, na ukishamwita masalia inakuwa nyepesi.

Siku ya wageni Zabroni aliingia amekonda, hatanii.

"Mzee wangu, hii kitabu inaishia hapa kweli? Wale watu wanafika ama hawafiki? Niambie, niko na sababu."

Mratibu alikuwa hatua mbili kando, akiwaonyesha wageni kazi ya mikono yangu. Nikaiona sababu ya Zabroni usoni pake. Niliiona.

"Kinaishia hapo," nikasema.

Wiki ile akaondoka na wenzake kuelekea msituni. Konsolata ndiye aliyekirudisha kitabu. "Alisema tusikicheleweshe," akaniambia. Kwenye karatasi nyeupe niliyoibandika mimi, Zabroni alikuwa ameandika kwa penseli neno moja: Walifika.

"Ameandika nini?" akauliza Konsolata, kwa kuwa hakujua kusoma. Nikamwambia. Akashukuru, akaenda zake.

Mwaka uliofuata sanduku jingine likaleta riwaya ileile, nzima. Niliisoma nimesimama. Nchi mpya haikuwepo. Chombo kilikuwa kikizunguka juu ya dunia ileile, na mwishowe nahodha anafungua mlango, anawaita masalia kwa majina, na hakuna anayeitika. Nilikwenda hadi kwa Konsolata nayo mkononi. Nyumba yake ilikuwa na watu wengine, hawakujua alikokwenda. Habari za Zabroni sijazipata hadi leo.

Ninyi mnaoingia kazini sasa mtaambiwa kuwa kitabu ni kitabu tu. Huenda. Huenda Zabroni angekwenda hata angezisoma zile kurasa. Mimi swali hilo ndilo ninaloamka nalo hapa Katubuka, tangu mke wangu alipofariki na nyumba ikawa kimya.

Siku niliyostaafu niliomba vitu viwili, kile kitabu chekundu na muhuri, nikapewa bila kuulizwa. Nikaulowesha wino, nikaugonga chini ya penseli yake. Sasa ukurasa unasomeka: Walifika. KURASA ZIMEPUNGUA.

Kipo kabatini, na hakuna aliyekuja kukiazima.