Mwewe Aliyefuata Cherehani

Dada yangu mdogo ni fundi cherehani, na mtaani kwetu wanamwita Daktari wa Kuku, ingawa kuku hajawahi kumtibu hata mmoja. Ukimpelekea kuku anakuuliza kama umekuja na sufuria. Anaowatibu yeye ni ndege wa porini: waliogonga vioo vya madirisha, waliopigwa manati, walionaswa kwenye nyuzi, na makinda waliodondoka viotani. Hakuna aliyemtuma kazi hiyo. Aliianza mwaka aliofiwa na mumewe, na mimi nikadhani ni huzuni, itapita. Huzuni ikapita, ndege wakabaki.

Mimi ni kaka yake mkubwa. Nilizunguka miaka mingi nikiwa utingo wa malori, na nilipochoka kuzunguka nikabisha hodi kwake nikasema nimekuja kukaa wiki mbili. Huu ni mwaka wa sita. Wageni wakija ananitambulisha hivi: "Na huyu naye nilimwokota."

Chumba chake cha mbele ndicho duka na ndicho hospitali. Cherehani ya kukanyaga iko dirishani. Ukutani zimepangwa boksi za viatu zilizotobolewa matundu, na juu ya kila boksi ameandika kwa chaki ya kupimia nguo: BAWA, MGUU, MJINGA TU. Hilo la mwisho ni la ndege aliyegonga kioo na anayehitaji giza na saa mbili za kutosumbuliwa. Mteja anapimwa kiuno huku boksi ya pembeni yake inakwaruza. Friji nakushauri usifungue. Mimi nilifungua siku yangu ya pili, nikitafuta maji ya baridi, nikakuta bakuli la panya waliopangwa mikia upande mmoja kama vijiko. Anapewa na mwenye mashine ya kusaga nafaka, jirani yetu, ambaye hutega mitego kila siku na kumletea mavuno.

Watu wanamletea ndege kwa huruma na ujinga, mara nyingi vyote viwili pamoja.

"Nimempa maziwa kidogo apate nguvu," mtu anasema.

"Maziwa? Wewe ulishaona ndege ana matiti?"

"Sasa mama, mi nitajuaje?"

"Ndiyo maana mimi nabaki naye, nawe unaondoka. Acha boksi hapo."

Anamfunga ndege bawa kwa kitambaa laini cha bitana, kisha anamtia ndani ya soksi iliyokatwa ncha, kichwa kikatokeza, anamweka juu ya mizani ya jikoni. Uzito anauandika kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja. Kuna ukurasa unaosomeka: kifua tisini na nne, kiuno themanini, gramu thelathini na mbili, hajanya tangu jana. Nimemwambia siku moja atamshonea mtu suruali ya shomoro.

Basi mwaka jana fundi wa umeme aliyekuwa akikata matawi chini ya nyaya alitujia na kofia yake ya kazi mkononi. Ndani yake mlikuwa na kinda wa mwewe. Alikuwa mweupe, manyoya mororo kila upande, kama pamba iliyokasirika.

Dada alimtazama, akamtazama fundi, halafu akanitazama mimi. "Kaka, kuanzia leo hukohoi."

Hapa inabidi nieleze. Kinda wa mwewe akizoea kwamba chakula kinatoka kwa mtu, anajihesabu kuwa mtu. Akikua hajui kuwinda. Anatua vichwani mwa watu akidai haki yake, na watu wanamtwanga mawe. Ofisa wa wanyamapori aliyempa dada kibali alikuwa na sharti moja: mwewe asipoogopa watu hafunguliwi, anakwenda kwenye kizimba cha bustani ya mjini mpaka afe. Dada alishakwenda kukiona kizimba hicho. Ndani mlikuwa na tai anayetembea kwa miguu, ukuta hadi ukuta, ameichimbia sakafu njia. Akarudi nyumbani. Alikaa akafumua gauni la bibi harusi lililokuwa limekwisha, mshono baada ya mshono, akalishona upya.

Kwa hiyo mwewe hatakiwi kuona uso wa mtu wala kusikia sauti yake. Kwenye kona ya chumba dada alitundika pazia zito, nyuma yake akaweka kreti. Alishona kichwa cha mwewe cha kitambaa cha kahawia cha kuvaa mkononi, macho ya vifungo, mdomo wa ngozi ya kiatu. Mdomo ule, Mungu anisamehe, ulikuwa pua ya marehemu shemeji yangu kabisa. Nilimwambia. Akasema, "Najua. Na yeye alikuwa halishi mtu bila kununa." Mkono ukiwa ndani ya kichwa kile, kibano mdomoni mwake, alipenyeza vipande vya panya kwenye tundu la pazia, kimya. Miezi miwili tuliishi kama wezi ndani ya nyumba yetu. Wateja walipimwa kwa ishara. Mama mmoja alidhani tumehamia dini nyingine.

Mwewe akakua. Siku moja aliruka vibaya ndani ya kreti akavunja unyoya wa mkia. Dada alikuwa ametunza manyoya ya mwewe aliyekufa ndani ya kopo la sindano. Akakata ule uliovunjika, akapenyeza kijiti cha mwanzi kilichochongwa mwembamba kuliko sindano ya kushonea magunia, tone la gundi, akakiunganisha na unyoya wa marehemu. Rangi haikulingana. Mkia wote ulikuwa wa kahawia, unyoya mmoja mweusi, kama kiraka cha makusudi.

Tulimfungua nyuma ya machimbo ya mawe. Alikwenda moja kwa moja, hakugeuka. Dada akasema, "Nenda zako, mshenzi wewe," akapenga kamasi kwenye kitambaa cha mteja.

Siku ya nne akaja fundi wa suti. Huyu ni mzee mwenzangu anayekaa kwenye safu ya mafundi sokoni, baraza moja refu lenye cherehani kumi na nne. Alikuwa anahema.

"Daktari wa Kuku, njoo umchukue mwanao."

"Mwanangu yupi?"

"Mwenye kiraka mkiani. Fundi akiacha kushona tu, anamshukia juu ya mashine, anapanua domo. Akiendelea kushona anaondoka, anakwenda kwa atakayeacha. Mama, tangu asubuhi tunakanyaga. Hakuna aliyethubutu kwenda msalani!"

Dada alikaa chini polepole. Aliitazama cherehani yake kama mtu aliyegundua kwamba mwenzake wa miaka yote ni mpelelezi.

Maana tulificha nyuso, tukaficha sauti, mimi nikameza vikohozi vingine nadhani viko humu ndani mpaka leo. Lakini kazi za watu zilikuwa zinangoja, na dada hakuwa mtu wa kuacha mshono katikati. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akasimamisha mashine, akavaa kichwa cha kitambaa, akalisha. Kila mlo, miezi miwili. Sisi cherehani tulikuwa hatuisikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi yake. Mwewe hakujifunza kwamba mama yake ni mtu. Alijifunza kwamba mama yake ni cherehani, na kwamba mama akinyamaza, chakula tayari.

Tulipofika sokoni mafundi wote walikuwa wanakanyaga kwa jasho, wengine bila hata kitambaa. Dada alimwondoa mmoja kitini, akakaa, akakanyaga kidogo, akaacha. Mwewe akatua mbele yake papo hapo, akilia kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Nikamtupia taulo. Mafundi kumi na wanne wakainuka kwa pamoja na kukimbilia upande mmoja.

Habari zilifika kwa ofisa kabla yetu. Alikuja kesho yake na mkoba wake wa ngozi. Ni mtu mwema, ila anaogopa ndege, sijui nani alimpa kazi ile. Alizungumza akiwa mlangoni.

"Mama, sheria unaijua. Huyu ni wa kizimba."

"Haogopi mashine. Watu anawaogopa."

"Mashine inaendeshwa na nani?"

Dada aliitazama cherehani, kisha akamtazama ofisa. Mwishowe akasema, "Nipe wiki tatu, mwanangu." Kumwita ofisa wa serikali mwanangu ni hila ya zamani, na ilifanya kazi. Alimpa wiki tatu. Baada ya hapo jaribio moja, uwanjani, mbele yake: akishukia cherehani, kizimba.

Kazi ikawa kumfundisha mwewe kwamba kimya cha cherehani hakina maana yoyote. Chakula kilipitishwa kwa bomba refu upande wa pili wa banda tulilomjengea uani, nyuma ya pazia lilelile, saa yoyote, na baadaye panya wazima waliachiwa kwenye karai la majani makavu ili awatafute mwenyewe. Na mimi nilipewa cheo. Nilikalishwa kwenye cherehani isiyo na uzi, nikanyage, niache, nikanyage, niache, asubuhi mpaka jioni, na baada ya kuacha kisitokee kitu. Nimewahi kusukuma lori lililokwama tope siku mbili, lakini kazi ngumu kama kushona hewa sijawahi kufanya.

Siku za mwanzo, kila nikiacha, alikuja kwenye pazia akalia. Dada alishindwa kusikiliza, akawa anakwenda kukaa kwa mwenye mashine ya kusaga, ambako kelele zinaua kila kilio. Nilibaki na mwewe peke yetu. Siku ya tano alilia, akanyamaza, halafu akatoa kisauti kidogo kama cha kuuliza. Nikainuka, nikachukua kipande cha panya, nikapenyeza. Kimoja tu.

Jioni dada alimpima.

"Kaka."

"Naam."

"Huyu ndege amenenepa gramu kumi na mbili, na leo bomba halijapitisha kitu. Kwa hewa?"

"Labda mizani imeharibika."

"Mizani imeharibika, au kuna mzee ameharibika?"

Nikakiri. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Siku tano umezitupa. Tunaanza upya kwa siku zilizobaki. Ofisa hatatuongezea." Kisha, akiwa ameshafika mlangoni: "Ukimwonea huruma tena, mkumbuke yule tai na njia yake."

Nikakanyaga. Magoti yakavimba. Alilia wiki nzima, halafu akalia nusu siku, halafu akaanza kunipa mgongo. Siku mbili kabla ya jaribio niliacha mashine, akaweka jicho moja kwenye tundu la pazia kunitafuta, nami nikakaza macho kwenye sindano kama mtu anayedaiwa na anayepita. Hatukujua ameelewa au amechoka tu.

Siku ilipofika tulipakia cherehani kwenye mkokoteni mpaka uwanjani. Mafundi wote wa safu walikuja, kwa mapenzi au kwa kulinda njia yao ya msalani, sijui. Ofisa alisimama nyuma kabisa, mkoba juu ya kichwa. Dada alifungua boksi. Mwewe akapaa, akatua juu ya nguzo ya goli.

"Endelea, mzee," ofisa akaniambia.

Nikakanyaga. Mashine ikalia uwanja mzima. Nikaacha.

Mwewe akageuza kichwa. Akatutazama, akainama mbele, akashuka. Alikuja chini chini, moja kwa moja kwangu, nikaona macho yake ya njano, nikasikia dada akivuta pumzi na kuizuia. Alitua hatua mbili kutoka kwenye kanyagio. Majani yakachezacheza. Akainuka na panya mguuni, akapita juu ya ofisa, ambaye alikaa chini bila kupenda, na akaenda kutua mtini ng'ambo ya uwanja.

Ofisa akasema kutoka chini ya mkoba, "Ameshuka."

"Ameshukia panya," dada akasema.

"Karibu na mashine, mama."

"Panya ndiye aliyekuwa karibu na mashine. Mwandikie yeye barua!"

"Sharti lilikuwa..."

"Alipanua domo? Alilia? Wewe umeona amemtazama mtu usoni? Kachukua chake kaondoka, ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Mafundi wakaanza kuongea wote pamoja. Fundi wa suti alisema yeye ameshawahi kutazamwa na mwewe huyu akiomba, na uso ule wa kuomba anaujua, huu haukuwa wenyewe. Ofisa akainuka, akajipangusa.

"Mara moja tena," akasema. "Kanyaga, mzee. Uache."

Dada alikuwa ameshika utepe wake wa kupimia kwa mikono miwili, ameuvuta mpaka nikadhani utakatika. Nikakanyaga kwa muda mrefu, maana niliogopa kuacha. Kisha nikaacha.

Kule mtini mwewe alikuwa anachana panya wake. Hakuinua kichwa. Nikakanyaga tena bila kuambiwa, nikaacha tena. Alimaliza mkia, akapangusa mdomo kwenye tawi, upande huu na upande huu, akaondoka kuelekea machimboni na kiraka chake.

Ofisa aliandika kitu kwenye karatasi akampa dada. Dada hakuisoma. "Mshenzi," alisema akitazama juu. "Hata ahsante."

Kwenye safu ya mafundi mwewe hajarudi tena. Dada bado anashona dirishani, na boksi ukutani zimejaa, moja imeandikwa MJINGA TU kwa herufi kubwa. Lakini nimegundua kwamba akifika mwisho wa mshono na kusimamisha mashine, anainua macho nje mara moja, kabla ya kukata uzi. Nikimwona hivyo huwa nakohoa kwa nguvu. Siku hizi naruhusiwa.