Siku Chandarua cha Harusi Kilipoangushwa

Mzee wa Kiyahudi aliingia kwenye kibanda changu cha kushonea, mtaa wa Yeoville, Johannesburg, na kitani cheupe mkononi. Alisema alizaliwa mtaa huo huo, enzi zile palipo leo saluni na makanisa yetu sisi wahamiaji palikuwa pa Wayahudi. Mjukuu wake wa kike anaolewa. Alitaka nimshonee chandarua cha harusi, wao wanakiita hupa: kitambaa kimoja, miti minne, maharusi wanasimama chini yake.

"Na kuta?" nikauliza.

"Hazipo. Ndiyo nyumba yao ya kwanza. Iko wazi pande zote nne ili mgeni aingie kutoka popote."

Nikacheka mpaka cherehani ikasimama. "Mzee wangu, Joburg hii? Hapa hata choo tunakitia kufuli mbili!"

Naye akacheka. "Shona tu, mama."

Nikashona. Ukingoni nilitarizi majani ya mzabibu kwa uzi wa dhahabu, kwa mkono, na sijisifu bure: kilikuwa kizuri hata nikakionea wivu.

Harusi ilifanyika bustanini kwao, kaskazini mwa jiji. Nilikwenda kukaza pembe za kitambaa kwenye miti. Wanaume wanne wakaishika, mmoja wao mzee mwenyewe. Upepo ukaingia, kitani kikavimba, kivuli cha majani yangu kikatembea juu ya shela ya bibi harusi. Machozi yalinitoka. Mimi nami, kule Bukavu, Kongo, nilisimama mbele ya padri, na kabla ya pete wakaingia watu wenye bunduki, wakamchukua mwanaume wangu. Hakurudi. Sikuwa mke, sikuwa mjane. Kwa hiyo hii ya leo nilitaka niione mpaka mwisho.

Rabi ndiyo kwanza amemaliza dua ya divai, majambazi watatu wakapenya getini nyuma ya gari la vyakula. "Chini! Wote chini!" Wakafyatua risasi hewani. Watu wakalala. Vijana watatu wakaachia miti, na nani awalaumu? Chandarua kikawaangukia maharusi. Mzee peke yake alibaki wima, kaukumbatia mti wake. Jambazi mmoja akampiga usoni kwa kitako cha bastola. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akampiga tena. Mzee akapiga magoti, damu ikatiririka juu ya kitani changu, lakini mti hakuuachia.

Hapo akili iliniruka. Nikainuka, nikafoka kwa Kiswahili, "Mwacheni mzee, washenzi nyie!" Teke la tumbo likanirudisha chini, kisha buti likanikanyaga shingoni. Nilimchukia mtu yule. Ningekuwa na mkasi ningemchoma, na sijatubu hadi leo. Bwana harusi wakamburuta kwa nywele kutoka chini ya kitambaa, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akatoa pete mfukoni. Wanawake wakavuliwa pete zao, wengine zikatoka na ngozi. Mimi hawakunipekua. Fundi mwenye aproni, atakuwa na nini?

Walipoondoka, bustani nzima ilikuwa kilio. Mama wa bibi harusi akasema basi, yatosha, twendeni hospitali, harusi siku nyingine. Mzee akatema jino. "Inueni," akasema.

Na bibi harusi, shela imechanika, akasema, "Leo, mama. Hii hawanichukulii."

Chandarua kikainuliwa, kimepinda, kina damu. Nikaushika mti pamoja na mzee. Lakini rabi akatikisa kichwa. Bila pete hawezi kuwafungisha ndoa, alisema, na pete sharti iwe mali ya bwana harusi mwenyewe. Ya kuazima haifai. Watu wakatazama vidole vyao. Vitupu.

Mimi kidoleni nilikuwa na subana, ile pete ya chuma ya mafundi, iliyo wazi juu, ya kusukumia sindano. Nikaivua. "Hii je?"

Rabi akaigeuza, akawaonyesha mashahidi wake wawili. Wakaitazama kwa makini, wakakubali kwamba ina thamani. Kisha akaniuliza polepole, "Mama, unampa kabisa? Ukishampa si yako tena, hata ukiitaka kesho."

Nikaichukua mkononi mwake. Bwana harusi alikuwa amesimama kajikunja, anashika mbavu, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Nikamtilia subana kiganjani, nikamfunga vidole vyake juu yake.

"Ni yako," nikamwambia. "Mvishe upesi, mwanangu. Geti naliangalia mimi."