Siku Washenga Walipoikuta Kompyuta Kwenye Viti

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, kila ninapowasikia ninyi vijana mkisonya kwa sababu simu imezungukazunguka kidogo kabla ya kufungua picha. Mnasonya! Simu yenyewe mnatembea nayo mfukoni kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea, inaongea, inaimba, inapiga picha, na bado mnasonya. Kaa hapa nikusimulie jinsi kompyuta ilivyotusonyesha sisi, halafu useme nani kati yetu alikuwa na haki ya kukasirika.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa mwalimu kijana, sijaolewa, naishi na baba yangu Nachingwea. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka yangu Deusi alikuwa Dar es Salaam, kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha kompyuta zake, akaomba moja kuukuu na kunitumia kwa lori lililokuwa linafuata korosho. Ilifika imeviringishwa kwenye godoro, imepita kivuko cha Rufiji na barabara yote ile ya kusini, na vumbi jekundu limeingia mpaka pembe ambazo hata fundi aliyeiunda asingeingiza kidole.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliipenda kompyuta ile, lakini kidonda kweli kilikuwepo. Ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga, maandishi meupe yanapanda kwenye kioo cheusi, halafu kimya. Unakwenda kuchambua mboga, unarudi, bado kimya. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu yaliuma. Mwisho inakwambia bonyeza kitufe chochote uendelee. Unabonyeza kimoja, haitaki. Unabonyeza vyote, inaanza upya kunguruma. Disketi uliyohifadhia mtihani wa darasa la sita jana, leo inakuapia kwamba haijawahi kuandikwa kitu. Na umeme! Umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, ukaja kwa zamu kama mume wa wake watatu, na ulipokuja haukuaga ukiondoka.

Nilikwenda posta kumpigia Deusi. Napanga foleni, zamu yangu inafika, laini inakwaruza, namweleza shida yote kwa kupiga kelele mpaka foleni nzima inajua. Ananijibu, "Umejaribu kuizima na kuiwasha?" Nilitamani waya wa simu ungepitisha kofi.

Majirani nao hawakunisaidia. Mmoja alitaka imwonyeshe mpira. Mwingine aliuliza inakamata stesheni ngapi. Nilipomwambia haikamati hata moja alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu.

Kilichoniponya ni mchezo wa mbio za magari. Deusi aliuweka ndani kabla hajaituma. Ukishika kipanya, gari lako la bluu linakimbia kwenye barabara ya lami isiyo na shimo hata moja, jambo ambalo huku kwetu lilikuwa ndoto tosha. Ila lilikimbia bila sauti. Magari yote yalikwenda kimya kama yanasindikiza maiti. Nikamsumbua Deusi mpaka akaniletea kadi ya sauti, kibao kidogo cha kuchomeka ndani ya kompyuta, na spika mbili.

Sasa sikiliza. Wakati huo palikuwa na kijana anaitwa Kizito, muuguzi wa hapo mjini, kwao Likunja huko Ruangwa. Alikuja mara ya kwanza kuomba nimpigie chapa barua, akarudi kuomba nimpigie nyingine, mpaka barua zikamwishia na bado akawa anakuja. Wakubwa wakaambizana. Ikakubaliwa kwamba washenga wake watakuja Jumapili baada ya misa. Kwetu kusini mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo mjomba wangu aliyekaa kijiji cha Kiegei naye aliambiwa aje Jumapili. Mimi nikapanga vizuri: Jumamosi nafungua kompyuta, nachomeka kadi, nafunga, nafagia nyumba, napika.

Jumamosi asubuhi nikaifungua sebuleni. Meza ilikuwa ndogo, nikatumia viti. Bati la juu kwenye kiti kimoja, nyaya kwenye kingine, na kwenye kiti chenye mto nikalaza diski kuu, ule moyo wa kompyuta uliobeba kila kitu nilichowahi kuandika na kila shindano nililowahi kushinda. Nimeinama na bisibisi mdomoni, nasikia gari linapiga honi.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Washenga! Walikuwa wamepata nafasi kwenye pikapu iliyobeba salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, wakaona lifti haikataliwi, wakaja siku moja kabla. Mbele alikuwa Mzee Festo, mjomba wa Kizito, na nyuma yake Mama Leokadia, mama mkubwa wa Kizito, ndiye aliyemlea. Wote wawili walikuwa wa njano kuanzia kichwani mpaka viatuni.

Nilitema bisibisi, nikaamkia. Mama Leokadia akaitikia vizuri, akaingia ndani, akasimama katikati ya sebule, akavua kitenge chake na kukikung'uta. Salfa yote ikashuka ndani ya kompyuta iliyo wazi. Nikauma ulimi. Kisha akatafuta pa kukaa. Akaona kiti chenye mto, akainyanyua diski kuu kwa vidole viwili kama mtu anayeondoa panya aliyekufa, akaiachia sakafuni.

Nikapiga kelele, "Usiguse! We mama, usiguse!"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Baba alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maji ya kunywa ya wageni.

Mama Leokadia hakukaa. Alijifunga kitenge chake polepole. "Mzee," alimwambia baba, "tulikuja kumtafutia kijana wetu mke. Hatukujua kumbe mna fundi redio."

Mzee Festo akasema watalala kwa jamaa zao pale mjini, kesho watapita kuaga. Kuaga, mwanangu, si kuposa. Nilielewa.

Walipoondoka nilikasirika na kila mtu. Nilikasirikia pikapu, nikakasirikia salfa, nikamkasirikia Mama Leokadia kwa vidole vyake viwili. Nikamwambia baba, "Walisema Jumapili! Mtu akija siku isiyo yake akute nini? Na vitu vya watu vinashikwa hivyo?"

Baba aliniacha nimalize. Ujana wake alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, pale pale Nachingwea, na hakuwa mtu wa kupenda kuyasimulia. Siku hiyo aliyasimulia.

"Bibiana, yale matrekta yalikuwa makubwa kuliko nyumba hii. Niliyapenda. Nadhani wakati ule hapakuwa na mtu niliyempenda hivyo. Lakini walioyaleta hawakumkaribisha mzee hata mmoja wa hapa apande aone. Kila siku waliwaambia watu kaa mbali, usiguse, toka njiani. Yalipokufa nani aliyalilia? Watu walikata vyuma wakafua majembe, wakaenda kulima."

"Kwa hiyo niiache kompyuta?"

"Nimesema uiache?" Sasa na yeye alikuwa amekasirika. "Wewe unasikia unachotaka! Akufukuzaye hakwambii toka. Mama wa watu katoka Likunja kwenye vumbi, kakuta viti vyote vimekaliwa na vyuma. Kaondoa chuma kimoja akae, umemfokea. Kupenda kitu si kosa. Lakini ukikipenda mpaka mtu akakosa pa kukaa nyumbani kwako, utabaki nacho ninyi wawili."

Niliipangusa salfa kwa unyoya wa kuku, nikachomeka kadi ya sauti, nikarudisha kila kitu cha kompyuta mahali pake, nikafagia. Sikuijaribu. Kusema kweli niliogopa kujua kama bado ni nzima.

Jumapili baada ya misa walikuja kuaga. Mjomba wangu naye alikuwa amefika. Nilipiga magoti mbele ya Mama Leokadia nikaomba radhi, na niliomba kwa moyo, maana usiku ule nilikuwa nimejua Kizito nampenda kiasi gani. Alipokea radhi. Kisha akatoa sharti lake.

"Kama tutaongea, lile sanduku libaki kwa baba yako. Kijana wangu ataoa mke mmoja, hataoa na mitambo."

Mjomba wangu alinitazama nikubali. Baba alitazama ukuta. Ningeweza kusema ndiyo ili yaishe. Lakini ningesema ndiyo ya uongo, na ndoa iliyoanza na ndiyo ya uongo inakwenda wapi? Nikavuta kiti chenye mto mpaka mbele ya kompyuta.

"Mama, kabla sijakujibu, naomba ukae hapa. Uione tu. Ukishaiona useme tena, na mimi nitakujibu."

Akaguna, lakini akakaa. Umeme ulikuwepo. Niliwasha, ikanguruma, maandishi yakapanda, ikanyamaza. Tukangoja. Mzee Festo akakohoa. Tukangoja tena.

"Imekufa?" akauliza Mama Leokadia.

"Inafikiri."

"Inafikiri nini muda wote huo?"

Ndipo ikafunguka. Nikaweka mbio za magari, na kwa mara ya kwanza zikatoa sauti: injini zikaunguruma sebuleni mpaka Mzee Festo akatoka nje kuangalia nani kaja. Nikamwekea Mama Leokadia mkono kwenye kipanya. Kwanza alikinyanyua hewani akakielekeza kwenye kioo. Nikamwonyesha kwamba hakitoki mezani. Akaligonga gari ukutani. Akaligonga tena. "Gari hili limelewa!" alisema, akasogeza kiti karibu. Kona ikija kulia, anainama kulia na kilemba chake. Kushoto, anamwegemea mjomba wangu. Akaanza kulisemesha kwa Kimwera, na baba, aliyekuwa anaelewa, akafunika mdomo.

Akayapita magari mawili. Mbele likabaki jekundu. Alilifuata, akalikaribia, akatoka kando ili alipite, na umeme ukakatika.

Kioo kilikuwa cheusi. Mama Leokadia alibaki ameshika kipanya. Kisha akapiga meza kwa kiganja, akasonya sonyo refu ambalo mpaka leo sijasikia mfano wake. "Nilikuwa nalipita! Mmeona wote, nilikuwa nalipita! Nani kazima?"

"Hakuna mtu, mama. Ndivyo umeme ulivyo."

"Na mashindano yangu?"

"Yamepotea. Utaanza mwanzo."

Alinigeukia, uso umemwiva kwa hasira. "Inakufanyia hivi mara ngapi?"

"Kila siku, mama."

"Kila siku. Na unairudia?"

"Nairudia."

Kizito kwa desturi hakutakiwa kuwepo, lakini kivuli chake tulikiona mlangoni muda wote. Mama Leokadia akamwita kwa sauti, "We Kizito, acha kuchungulia, ingia." Akaingia, ameinamisha kichwa. "Mwanamke huyu anaudhiwa na sanduku kila siku na hajalitupa. Na wewe nimekulea mwenyewe, nakujua unavyoudhi. Muoe."

Ndoa ilifungwa watu walipouza korosho. Tulihamia Ruangwa, na kompyuta ikaja nasi. Usidhani basi nikapata raha. Mama Leokadia alikuja kila siku ya mnada, anasema amekuja kuona wajukuu, anapita moja kwa moja kwenye kiti. Mtoto analia, chungu kinaungua, yeye anapinda kona. Ukimwomba akuachie kidogo uchape mtihani, anakwambia bado raundi moja. Nilisonya sana jikoni, kwa siri. Mvua moja ya masika radi ikaipiga, na huo ukawa mwisho wake. Alikuja kutoka Likunja kunipa pole, akakaa nami kutwa nzima kama mtu aliyekuja matangani.

Sasa nasaha zangu ni hizi, mwanangu, na usizisikilize ukiwa umeinamia simu. Kitu kisichodhuru mtu kikikupendeza, usikitupe kwa sababu wakubwa hawajui jina lake. Usikubali kwa mdomo usichokikubali moyoni ili mazungumzo yaishe. Ila mtu akiingia, mwondolee vitu vyako akae, hata kama kaja siku isiyo yake, hata kama kaja na vumbi. Mkaribishe kwenye kile unachokipenda. Mwache akosee, agonge ukuta, acheke. Anayekichukia kitu chako mara nyingi hajapewa nafasi ya kukishika. Na neno la ukali kwa mtu mzima, likishatoka limetoka. Lifuate upesi kwa magoti, kabla halijafika mbali. Nanyi wakubwa wenzangu mnaosikia kwa pembeni, kaeni kwanza ndipo mhukumu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi unayoipenda na watu wanaokupenda, asikunyime kimoja kwa ajili ya kingine. Akupe moyo wa kuanza upya bila kinyongo, na nyumba isiyokosa sauti za watu. Amina.